Sentensi Niliyoiruka

Nilizaliwa Kisanga, wilayani Kilosa, upande wa kuelekea Mikumi. Kwetu Usagara ukoo hufuata tumbo la mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Mjomba wangu alikuwa Mwislamu aliyesomesha watoto chuoni, yaani chuo cha Kurani. Baba yangu alikuwa Mwanglikana aliyesoma zaburi kwa sauti kila jioni. Mwezi wa Ramadhani tulifuturu kwa mjomba. Siku ya Krismasi mjomba alikuja kwetu asubuhi na kisu chake, akachinja kuku yeye mwenyewe, ili mchana kila mtu ale bila wasiwasi moyoni. Sikujua kwamba jambo hilo linahitaji maelezo mpaka nilipofika mjini.

Shule yangu iliishia darasa la saba. Mjomba ndiye aliyeuza mahindi yake nikaenda Morogoro kujifunza kupiga chapa, na kwa ujuzi huo nikaingia Dar es Salaam mwaka 1990. Nilipata kazi katika duka la kupiga chapa karibu na chuo kimoja ambacho sitakitaja. Wanafunzi waliniletea tasnifu zao zilizoandikwa kwa mkono. Neno nisilolijua nililinakili pembeni, usiku nikalitafuta katika kamusi. Ndivyo nilivyojifunza Kiingereza: vidole vilitangulia, ulimi ukafuata.

Baadhi ya wanafunzi hao walikuwa wa ushirika wa Kiprotestanti wa pale chuoni, ambao wenyewe waliuita feloshipu. Walinialika, wala hawakuniuliza cheti. Jioni tulikutana katika chumba cha mihadhara, ubao ukiwa bado na hesabu za mchana ambazo hakuna aliyethubutu kuzifuta. Mchana kutwa vijana wale walikuwa wamesikiliza na kujibu kwa Kiingereza. Jioni waliimba, waliungama na kulia kwa Kiswahili. Nilimwona kijana akitoa nusu ya fedha yake ya chakula kumpa mwenzake aliyekosa nauli ya kwenda kumzika baba yake. Mimi niliyenyimwa chuo nilipata pale chuo changu, na sitaki lolote nitakalosema hapa chini lifute shukrani hiyo.

Ushirika kama ule ulikuwa na historia nyuma yake. Elimu ya chuo kikuu nchini ilianza Oktoba 1961, kwa wanafunzi 13 wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kisha chuo kikahamia Mlimani mwaka 1964. Aliyepanda kilima kile na Biblia mkobani alikutana na hoja nzito. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wanafunzi wa USARF, wakiongozwa na Yoweri Museveni, walijadili mapinduzi ya Afrika usiku na mchana, na Walter Rodney alifundisha historia palepale. Katika hewa hiyo mwanafunzi Mkristo aliulizwa: dini yako ilikuja na nani, na inamtumikia nani? Halikuwa swali la kejeli, na halikujibika kwa kuimba pambio.

Wanafunzi wa Kiprotestanti walijijenga polepole. Shule za sekondari zilikuwa na UKWATA. Vyuoni kukawa na TAFES, iliyo ndani ya shirikisho la kimataifa la wanafunzi wa kiinjili lililoundwa mwaka 1947. Kukawa na USCF, iliyo chini ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania. Na Wapentekoste wakawa na CASFETA. Jirani yao walikuwapo Wakatoliki wa TYCS, na pale Mlimani wanafunzi Waislamu wa MSAUD. Msikiti upo Mlimani na kanisa lipo, na wanaotoka humo huketi tena dawati moja. Uongozi ulikuwa mikononi mwa vijana wenyewe. Mwenyekiti wa miaka ishirini na mitatu aliongoza maombi, alitunza hazina na kupatanisha waliogombana; akihitimu, mwingine akashika. Ndiyo nguvu ya huduma hiyo, na ndiyo hatari yake pia, kwa sababu kumbukumbu yake ni ya miaka mitatu au minne tu.

Nilipoingia mimi, hali ya mji ilikuwa imeanza kuchacha. Mihadhara ya dini ilifanywa viwanjani kwa vipaza sauti, huyu akikipinga kitabu cha yule. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam, watu wakakamatwa. Mwaka uliofuata ushirika wetu ulimpata mhubiri mgeni kutoka ng'ambo, naye akataka mkutano ufanyike nje, uwanjani, ili wapishi, walinzi, wafagizi na majirani nao wasikie. Wanafunzi hawakuhitaji mkalimani, lakini hao walimhitaji. Nikachaguliwa mimi.

Langoni pale palikuwa na mama mmoja muuza vitumbua, mzaliwa wa Makunduchi. Sote tulimwita Bi Mkubwa. Alipenda kwaya yetu. Jioni za nyimbo alisogeza kiti chake karibu na uwanja, akijifunika kanga hadi kidevuni. Aliwahi kuniambia: "Nyimbo zenu tamu, mwanangu, ila mnasema mno." Jioni ile alikuwa palepale.

Mgeni alihubiri vizuri kwa nusu saa, nami nikamfuata sentensi kwa sentensi. Kisha akasema sentensi moja juu ya Waislamu na Mtume wao. Sitaiandika. Sikumfasiria Bi Mkubwa, nawe msomaji utaniwia radhi nisipokufasiria. Alimaliza, akanigeukia, akangoja. Niliwaona wanafunzi wakiniangalia, maana wao walikuwa wamekwisha kuisikia. Nyuma yao niliwaona wasiojua Kiingereza, nyuso zao zikiwa wazi, wakingoja kile ambacho wenzao walikuwa nacho tayari. Nikasema kwa Kiswahili: "Mungu anawapenda watu wote." Mgeni akatikisa kichwa kwa ridhaa, akaendelea.

Usiku mwenyekiti alinifuata dukani.

"Kaka, umeiruka ile."

"Nimeiruka."

"Hukuielewa?"

"Niliielewa."

Alikaa kimya, kisha akasema kwamba mkalimani hana ulimi wake mwenyewe. Hakunigombeza, na alikuwa na haki: katika kazi yetu hiyo ndiyo sheria ya kwanza. Asubuhi nilipita langoni, nikasema shikamoo. Bi Mkubwa akaitika marahaba, akanifungia vitumbua vinne kwenye gazeti. Sikuitwa tena kutafsiri mwaka ule.

Miaka ile sikujua kwamba sentensi ile ilikuwa na ukoo mrefu. Niliujua baadaye, nilipoanza kufasiri vitabu na kutafuta waliotangulia. Mwaka 1857 David Livingstone aliwahutubia wasomi wa Cambridge, na kutokana na wito wake ikaundwa misheni ya vyuo vikuu, UMCA, iliyohamia Unguja mwaka 1864, miaka mia moja kamili kabla ya chuo kuhamia Mlimani. Haikuwa mzazi wa feloshipu za leo, lakini ilitangulia kupita njia ileile, ya vijana wa vyuoni wanaojiona wametumwa. Edward Steere, aliyefika nayo, aliketi akawasikiliza watu wa Unguja, akazichapisha hadithi zao mwaka 1870, kisha akaitumia lugha hiyohiyo kufasiri maandiko. Alifariki mwaka 1882, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1891. Kabla yake, Mombasa, mwaka 1844, Krapf alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi. Wote wawili walikuta lugha iliyokwisha kuswali kwa karne nyingi, wakaazima.

Jambo hilo nililigusa kwa mkono kabla sijalisoma. Mwezi mmoja kabla ya kuhitimu, mwenyekiti yule alikuja na mahubiri yake ya kuaga, aliyoyaandika kwa Kiingereza kama tulivyozoea kuandika mambo makubwa, akaniomba niyatie Kiswahili. Nilifurahi kwamba amenirudia. Nilipomaliza nilichukua kalamu nyekundu nikapigia mstari kila neno tulilopata kwa Kiarabu: dhambi, toba, rehema, neema, imani, ibada, sadaka, baraka, malaika, nabii, injili, msalaba. Karatasi ikawa kama imechanjwa. Aliisoma akiwa amesimama.

"Na kanisa?"

"Nalo."

"Biblia je?"

"Hiyo ya Wagiriki."

Akacheka, nami nikacheka. Nikamwonyesha yasiyo na mstari: Mungu, neno, upendo, wokovu, ya Kibantu yote. Nikamwambia kwamba hata jina la mahali anapotoka kuhitimu ni la mjomba wangu, maana wazee waliita kitabu chuo, na walipokisomea watoto pia wakapaita chuo, kabla hakijawa kikuu. Sikusema zaidi. Jumapili ile, mwishoni mwa mahubiri yake, aliwaombea wanafunzi wa MSAUD na wa vyama vingine vya Kiislamu waliokuwa wakikaribia mitihani. Aliomba kwa maneno mafupi tu, na wengine hawakuitikia amina. Amina nayo ilikuwa na mstari mwekundu.

Ningependa kuishia hapo, msomaji, maana hapo nimeshinda. Lakini mwaka huohuo nilikwenda Kisanga kwa sikukuu ya Idd, nikamsimulia mjomba kisa chote. Tulikuwa tumeketi mkekani chini ya mwembe. Nilisimulia kwa madaha kidogo, nakiri, nikingoja baraka zake. Si nilikuwa nimemtetea? Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza:

"Yule mgeni, alijua kwamba hukusema maneno yake?"

"Hakujua."

"Ulipewa mgeni, akakuamini, ukamdanganya mbele ya watu."

"Mjomba, alimtukana Mtume."

"Nimesikia. Kwa nini usimwambie palepale kwamba hilo hulisemi? Ungekuwa umemkataza yeye, na yule mama angejua kwamba kuna mtu amekataa. Sasa mama hajui kitu, na mgeni amekwenda zake akidhani tumemkubali."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejifikiria mimi na amani ya uwanja ule, nikawafanya watu wawili wazima kuwa watoto: mmoja nisimuumize, mwingine nisimkemee. Wanafunzi walioisikia sentensi walibaki nayo, nami niliwafunza kwamba jambo kama lile hunyamaziwa. Kizazi chao kilihitimu, kikaenda kufundisha, kuhukumu na kutawala, nacho kimekwenda na ukimya huo.

Tangu siku ile nimefasiri vitabu kadhaa, na sijaruka sentensi. Nisipoweza kuibeba, humwandikia mwenye kitabu nikamwambia. Kazi mbili zimenitoka kwa sababu hiyo. Bi Mkubwa alirudi kwao Makunduchi kabla sijapata ujasiri wa kumweleza, nami mpaka leo, nikifika Unguja, huwatazama kinamama wa vitumbua na macho yangu humtafuta.

Adhana ya adhuhuri ilisikika. Mjomba alijizoazoa kutoka mkekani, magoti yakimsumbua, akanyoosha mikono apate kutia udhu. Nikainuka, nikachukua birika, nikammiminia.