DAFTARI LA MJOMBA LILIPOPANDA WINGUNI



Ndugu zangu wanafunzi, napenda kuitumia nafasi hii katika jarida letu kuzungumza nanyi jambo ambalo huenda mkashangaa kulisikia kwa mwalimu wenu wa fiqhi. Tulipokuwa tukisoma mlango wa biashara na madeni, mmoja wenu aliniuliza: "Ustadh, siku hizi watu wanasema hesabu zao wameziweka kwenye wingu. Hilo wingu liko wapi? Na likinyesha je?" Darasa zima likacheka. Mimi nilicheka kidogo tu, kwani wingu hilo liliwahi kuninyeshea.

Kwanza tufahamu wingu ni kitu gani. Haliko juu angani. Ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta ziitwazo seva, zinazofanya kazi usiku na mchana huku zikipozwa zisiungue. Mfanyabiashara hukodi nafasi humo, kama asiye na ghala anavyokodi stoo ya mwenzake. Kampuni ya Amazon ilianza kukodisha nafasi hizo mwaka 2006, na baadaye Google, Microsoft na wengineo wakaingia katika biashara hiyo. Mwaka 2019 Microsoft ilifungua majumba yake ya kwanza Afrika, huko Afrika Kusini, na Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020. Kwa hiyo hesabu ya duka la Tanga yaweza kuwa imelala Cape Town, Ireland au Marekani, na ikaitwa ikaja kwa kupitia nyaya zilizotandazwa chini ya bahari.

Sasa nije kwenye kisa changu. Mjomba wangu ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga. Biashara hiyo haiendi bila kukopesha. Fundi huchukua saruji na nondo leo, akishalipwa na mwenye nyumba ndipo naye alipe. Miaka yote mjomba aliandika madeni yake kwenye kaunta buku. Mvua za vuli za mwaka 2019 zilipokuwa kubwa, bati la duka likavuja, na kaunta buku mbili zikalowa hata kurasa zikashikana. Hapo nikamshawishi tuhamie kwenye wingu. Mimi ndiye niliyefungua akaunti, nikaweka neno la siri, na nikaandika namba yangu ya simu.

Kwa hakika faida tuliziona. Mjomba akisafiri Dar es Salaam kununua mzigo, aliweza kuona kwenye simu yake mifuko mingapi ya saruji imebaki dukani. Kijana wake wa dukani akiandika deni, mjomba analiona papo hapo. Hatukuhitaji kununua seva wala kumlipa fundi wa kuitunza, bali tulilipa kidogo kila mwezi. Na kama kompyuta ingeharibika, maandishi yangebaki salama. Baada ya miezi michache nikamwambia mjomba aachane na kaunta buku. Akanitazama, akasema, "Haya mwalimu, wewe ndiye uliyesoma."

Mwaka 2021 nilibadilisha laini ya simu. Ile ya zamani niliitia kwenye droo, nikaisahau, hata kampuni ya simu ikaifunga. Sikumwambia mjomba, wala haikunipitia akilini kwamba ile namba ndiyo ufunguo wa duka.

Mwaka 2022 kompyuta ya dukani ikafa. Tukanunua nyingine, tukaandika neno la siri, akaunti ikakataa kufunguka mpaka tuingize tarakimu zilizotumwa kwenye simu. Tarakimu hazikuja. Nami kwa pupa nikasema mbele ya wateja kwamba yule kijana wa dukani ndiye aliyebadilisha namba. Kijana akainama, hakujibu neno, akaenda nyumbani.

Jioni nilipotulia nikakisoma kioo vizuri. Kilionyesha tarakimu mbili za mwisho za namba iliyotumiwa ujumbe. Zilikuwa zangu, za ile laini ya kwenye droo. Usiku ule ule nilikwenda kwa kijana yule kumwomba radhi, na kesho yake nikarudia mbele ya wateja, kwa sababu mbele yao ndipo nilipomvunjia heshima. Alinisamehe. Laini haikurudi tena, na akaunti haikufunguka hadi leo.

Ndugu zangu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuyaandika madeni. Mimi nimeisomesha aya hiyo miaka mingi, kisha nikawa sababu ya madeni ya mjomba wangu kupotea. Mjomba alikaa barazani wiki nzima, akamwita fundi mmoja mmoja, akamwuliza anadaiwa nini. Wengi walisema kweli, na wapo waliotaja hata deni ambalo mjomba mwenyewe alikuwa hana habari nalo. Wachache walisema wameshamaliza. Mjomba akasema, "Sina maandishi wala sina shahidi. Nitamdai kwa lipi?" Akaandika vile walivyosema. Hakunidai mimi chochote, lakini kila nikipita pale dukani huona haya.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia habari za wingu, nikagundua kwamba makubwa zaidi yamewapata wakubwa zaidi. Mwaka 2014 kampuni moja iliyoitwa Code Spaces iliingiliwa na mdukuzi aliyeshika funguo za akaunti yake ya wingu. Akafuta data pamoja na nakala za akiba, na kampuni ikafungwa. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jumba la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Wapo wateja waliopoteza kila kitu, maana hata nakala zao za akiba zilikuwa mahali hapo hapo. Mwezi Mei 2024 akaunti ya mfuko wa pensheni wa UniSuper wa Australia, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ilifutwa kwa makosa kwenye wingu la Google. Miongoni mwa yaliyowaokoa ni nakala waliyoiweka kwa kampuni nyingine. Na tarehe 12 Mei mwaka huo huo nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku kama hiyo hesabu zako ziko salama, lakini huzifikii.

Je, nawaambia muikimbie teknolojia hii? La, hasha. Kaunta buku nayo ililowa. Ninachowausia ni haya:

Kwanza, akaunti ya biashara ifunguliwe kwa namba na barua pepe ya mwenye biashara, si ya mpwa wala ya mfanyakazi. Siku namba ikibadilika, akaunti nayo ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Pili, wekeni nakala mahali pengine. Kila Ijumaa mjomba sasa huchapisha orodha ya madeni kwenye karatasi, na nyingine huitia kwenye flashi inayokaa nyumbani.

Tatu, majina na simu za wateja ni amana. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Msimpe kila mtu ufunguo.

Nne, someni masharti kabla ya kukubali. Mjue mkichelewa kulipa mwezi mmoja data zenu zitafanywa nini, na mkitaka kuhama mtazichukuaje.

Na tano, kitu kikiharibika, tazameni kwanza mikono yenu kabla ya kumnyooshea kidole mwenzenu.

Yule kijana bado yuko kwa mjomba. Siku hizi yeye ndiye anayenikumbusha kuchapisha orodha.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.