Safari ya Shelui: Udongo, Kitambaa na Subira



Wako watu wafungao safari kwa ajili ya biashara, na wako wafungao safari ili kuzuru jamaa. Safari yangu ya Shelui haikuwa ya biashara, wala kwa hakika haikuwa ya kuzuru tu. Nilitumwa. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ana duka mjini Singida. Usiku mmoja alikuja nyumbani kwangu baada ya sala ya Isha, akaketi, akaniambia: “Mpwa wako amemaliza masomo yake, na kazi hatafuti. Amekwenda Shelui kwa mama yangu, na habari nizipatazo ni kwamba anachezea matope na kuyabandika juu ya vitambaa. Mimi nikimwambia neno, hulia. Wewe ndiwe mjomba wake. Nenda ukatazame, kisha uniambie: hiyo ni kazi, au ni mchezo? Utakalosema nitalifuata.”

Neno lile la mwisho lilinielemea. Ni jambo jepesi kutoa shauri ambalo halitafuatwa; lakini shauri litakalofuatwa ni amana.

Kutoka Singida mjini hadi Shelui ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100, kwa barabara kuu iendayo Nzega na Mwanza. Nchi ya mwanzo ni ya mawe makubwa yaliyopandana, mashamba ya alizeti na mtama, na vijiji vilivyokaa mbalimbali. Ukipita Misigiri, penye njia panda ya kwenda Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, bado huoni dalili ya lililoko mbele. Kisha nchi hukatika ghafula. Huo ndio mteremko wa Sekenke, ukingo wa Bonde la Ufa, unaoogopwa na madereva wa malori. Gari huteremka kwa kujikunjakunja, na abiria, hata yule aliyekuwa akicheka, hunyamaza na kumtaja Mola wake. Chini ya mlima ndipo ilipo Shelui, na mbele yake ni mbuga ya Wembere, tambarare isiyo na mwisho machoni. Kiangazi mbuga hiyo hupasukapasuka nyufa ambazo mguu wa ng’ombe waweza kuzama. Masika hugeuka bahari ya matope, na maji yake hutafuta njia ya kwenda Ziwa Kitangiri.

Jina la Sekenke lilijulikana mbali kwa sababu ya dhahabu, ambayo ilianza kuchimbwa huko zama za Wajerumani. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipokuwa wamefungiwa njia ya bahari na fedha zimewaadimikia, walitengeneza mjini Tabora sarafu za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke. Upande mmoja waliweka tembo, na nyuma yake mlima. Sarafu hizo leo hutafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale kwa bei kubwa. Nilipokuwa nikiteremka nilijisemea moyoni: ardhi hii iliwahi kutoa kitu ambacho thamani yake haikuhitaji kuelezwa. Je, matope ya mpwa wangu nitayaelezaje kwa baba yake?

Nilimkuta bibi mwenye nyumba amekaa chini ya mwarobaini, miguu ameinyoosha, mikono yake imejaa udongo hadi vifundoni. Alinikaribisha bila kusimama. “Karibu mwanangu. Mkono sikupi, nitakuchafua.” Bibi huyu amefinyanga tangu ujana wake. Kwa vyungu na mitungi yake aliwalisha watoto, na shemeji yangu, ambaye leo anauza ndoo za plastiki dukani kwake, alisomeshwa kwa fedha hizo. Siku hizi mnunuzi wa mtungi huja mmoja mmoja, kwa kuwa ndoo haivunjiki na ni nyepesi kichwani. Katika binti zake hakuna hata mmoja aliyeutaka ufundi huo. Mjukuu peke yake ndiye aliyekuja kuuomba.

Mpwa wangu alinipa shikamoo, akanionyesha kazi zake za mwanzo bila kuficha kitu. Zilikuwa mbao zilizovikwa merikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilichopewa jina hilo kwa kuwa zamani kililetwa Unguja na majahazi makubwa ya Wamarekani. Juu ya kitambaa alikuwa ameusiliba udongo mbichi, akitumaini kwamba utakauka na kushika. Haukushika. Ulipasuka kama mbuga yenyewe, na ulipoguswa ukadondoka vipande vipande sakafuni.

“Nilichota udongo mweusi wa mbugani, Mjomba,” akasema, “kwa sababu ulikuwa karibu.”

Bibi akacheka sana. “Udongo umezao malori masika yote, wewe wautaka utulie juu ya kitambaa!”

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba jambo hili lina elimu yake. Udongo mweusi wa mbuga una tabia ya kunywa maji na kuvimba, na ukikauka husinyaa kupita kiasi. Bibi huchukua udongo wake kwingine, katika kingo za kijito, akichimba chini ya ule wa juu wenye mizizi. Huuanika, huuponda, huupepeta, kisha huuloweka. Tena huongeza kitu ambacho sikukitazamia: vigae vya vyungu vilivyovunjika, vilivyotwangwa hadi vikawa kama chenga za mchele. Vigae hivyo vimekwisha kupita motoni, kwa hiyo havisinyai tena; vikiwa ndani ya udongo mbichi huuzuia usijikunje, na huacha vijia vidogo vya kutokea mvuke. Chungu kilichokufa ndicho kinachokishika mkono chungu kinachozaliwa.

Hata udongo ulio mwema husinyaa. Kipande cha sentimita 10 chaweza kupungua karibu sentimita nzima kabla hakijatoka motoni. Kitambaa hakisinyai hivyo. Basi ukivifunga viwili hivi pamoja vikiwa vibichi, kimoja chavuta na kingine chakataa, na mwisho ni kuachana. Wala haiwezekani kuvichoma pamoja, kwani udongo hauwi kigae cha kudumu mpaka upate joto la digrii 500 hadi 600 au zaidi, na pamba huwa imekwisha kuwa majivu kabla ya hapo. Kwa hiyo mpwa wangu alijifunza kwamba kila kimoja kitengenezwe kwa njia yake, kisha vikutanishwe vikiwa vimekwisha kukomaa.

Na hivi ndivyo afanyavyo sasa. Huukanda udongo mpaka usiwe na pumzi ndani, huutandaza juu ya gunia, akaukata vibao vidogo, vingine vipana kama kiganja na vingine vyembamba kama kidole. Akiwa na kipande cha kibuyu huvikwangua, na kwa jiwe laini la mtoni huvisugua mpaka ving’ae. Kabla havijakauka huvitoboa matundu mawili mawili pembeni. Huvianika kivulini, si juani, ili vikauke polepole pande zote. Vikisha kuchomwa, hukitandaza kitambaa juu ya fremu ya mbao, hukipaka gundi nyepesi iliyochanganywa na chokaa, kisha hukitia rangi za nchi ile ile: ngeu nyekundu, masizi ya jikoni, na udongo mweupe. Mwisho hushona kila kigae mahali pake kwa uzi mnene na shazia, ile sindano kubwa ya magunia. Hakibandiki kigae, hukishona, ili kipate kupumua.

Nilimwuliza: “Kwa nini usichore tembo, au simba, watalii wakanunua?”

Akajibu kwa adabu: “Mjomba, si ninyi mliotufundisha chuoni?” Nikanyamaza, maana ni kweli. Wanazuoni wengi wamekataza kutengeneza sanamu za viumbe wenye roho, na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba alimwelekeza mtengeneza picha mmoja kwenye miti na vitu visivyo na roho. Binti huyu hakuliona katazo hilo kuwa ni ukuta. Alichokitengeneza kilikuwa mbuga: nyufa zake, ukingo wa mlima, na njia ijikunjayo ya Sekenke. Mahali pa nyufa aliacha kitambaa kitupu kionekane, na ule mpasuko uliomwaibisha mwanzo akaufanya kuwa ndiyo sura ya nchi.

Tusidhani, ndugu wasomaji, kwamba kukiweka chombo cha udongo mahali pasipo pa kupikia ni uzushi wa vijana wa leo. Wazee wetu wa pwani walichukua mabakuli na sahani za China wakazijengea ndani ya kuta. Ziko alama zake katika makaburi ya kale ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na katika kuba za msikiti mmoja wa Kilwa Kisiwani. Katika zama zetu, El Anatsui, mzaliwa wa Ghana mwaka 1944, katika miaka ya 1970 alifanya kazi mashuhuri kwa vyungu vilivyovunjika, kabla ya kugeukia vifuniko vya chupa na kuviunga kwa waya hadi vikawa kama vitambaa vikubwa. Mwaka 2015 alitunukiwa Simba wa Dhahabu huko Venice kwa kazi ya maisha yake yote. Na Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, aliingia katika chuo cha sanaa huko Uingereza, lakini alikwenda pia Abuja, Nigeria, akajifunza kwa wanawake wafinyanzi kujenga chungu kwa mikono bila gurudumu. Ufundi huo ndio uliomtukuza duniani.

Sasa nitaeleza jambo ambalo nalijutia. Nilikuwa nimepanga kurudi Singida siku ya tatu, na nilisema, kwa sauti ya mtu mwenye haraka, kwamba nilitaka kuona uchomaji kabla sijaondoka. Bibi alichukua kibao kikubwa kuliko vyote, akakiweka shavuni. “Kina baridi bado,” akasema. “Maji yamo.” Alitaka tungoje siku mbili zaidi. Mpwa wangu alinitazama mimi, kisha akamtazama bibi yake, akasema huenda jua la asubuhi lingetosha. Alisema hivyo kwa ajili yangu. Alijua kwamba neno langu ndilo litakaloamua mambo yake.

Alasiri tulipanga vibao juu ya kuni, tukavifunika kwa samadi kavu na nyasi, tukatia moto. Haukupita muda mrefu ukasikika mlio, kama punje ya mahindi ikaangwayo, kisha mwingine, kisha mmoja mkubwa. Maji yaliyobaki ndani yaligeuka mvuke, na mvuke hauombi ruhusa ya kutoka. Moto ulipokwisha tulifukua majivu. Vile vidogo vilitoka salama, vyekundu vyenye mabaka meusi, vikilia vizuri vilipogongwa kwa ukucha. Kile kibao kikubwa, kilichokuwa mlima wenyewe katika kazi yake, kilikuwa vipande zaidi ya ishirini.

Binti aligeuza uso. Nami sikupata la kusema, kwani haraka ilikuwa yangu na hasara ikawa yake. Bibi aliinama akaviokota vile vipande kimoja kimoja, akavitia katika kikapu pamoja na vigae vya kutwanga. Akasema: “Hakuna kilichopotea. Hivi ndivyo vitakavyoshikilia cha kesho.” Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, nasi aghalabu twaitaja methali hiyo kwa kumsikitikia mfinyanzi. Siku ile niliiona kwa jicho jingine.

Usiku nilikumbuka kwamba Qur’ani Tukufu, katika Sura ya Ar-Rahman, yataja kuwa mwanadamu aliumbwa kwa udongo mkavu ulio mfano wa ule wa mfinyanzi, na kwamba tukikosa maji, udongo huu huu safi ndio tuutumiao kutayamamu kwa ajili ya sala. Je, twaweza kukidharau kitu hiki kwa sababu tu kinachafua mikono?

Nilirudi Singida, nikaenda dukani moja kwa moja. Shemeji alikuwa akipanga ndoo zake. Nikamwambia: “Ulinituma nikatazame kama ni kazi au ni mchezo. Ni kazi. Kama itamlisha, sijui, na sitakudanganya. Lakini anajifunza kwa mama yako elimu ambayo hakuna mwingine anayejifunza, na mama yako ni mzee. Mwache akae hadi masika mengine.” Kisha nikamweleza habari ya kibao, na jinsi haraka yangu ilivyokivunja. Nikatoa mfukoni kipande kimoja cha mlima ule, nikakiweka juu ya meza ya duka.

Alikichukua, akakigeuza. Upande wa nyuma palikuwa na alama ya kidole gumba iliyobaki katika udongo, pana, yenye kovu. Si ya binti. Ilikuwa ya bibi, aliyemsaidia kukandamiza.

Alikaa kimya mpaka mteja mmoja akaingia, akanunua, akatoka. Kisha akauliza: “Mama alisema kingojewe siku ngapi?”

“Siku mbili.”

“Basi atangoja,” akasema, akakitia kile kipande katika mtoto wa meza, mahali awekapo fedha.

Vijana wapendwa, mwenye bibi au babu mwenye ujuzi wowote mkononi na amwendee angali hai. Nasi wazazi, tunapoulizwa shauri juu ya watoto wetu, tuliweke kwanza shavuni, tuone kama maji yamekwisha. Mwenyezi Mungu atujaalie subira. Amin.