Mlipe Fundi kwa Kutafuta Ubovu

Hapa Birmingham, gereji hukutoza pesa ya kutafuta ubovu kabla ya kukubadilishia hata bolti moja. Unalipia saa ya kazi, unapewa karatasi iliyoandikwa kilichoharibika, na ukitaka unakwenda kutengenezewa kwingine. Nairobi kutafuta ubovu ni bure. Fundi anafungua boneti, anasikiliza injini, anakutajia spea ya kununua. Pesa yake iko kwenye kufungua na kufunga, kwa hiyo lazima kitu kibadilishwe. Kwa gari la turbo lililozeeka, kubahatisha huko kunauma.

Na magari hayo ni mengi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, lakini likishapita bandarini linazeekea humo humo. Ndiyo maana Subaru Forester na Impreza za mwanzoni mwa miaka ya 2000 bado zinanguruma Ngong Road. Jiji lenyewe liko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na turbo ndiyo inayoifidia injini. Presha ikivuja, utajua tu ukipanda Waiyaki Way kuelekea Kangemi.

Gari la kaka yangu lilianza kukosa nguvu hivyo hivyo nikiwa likizo. Kompyuta ikatoa msimbo P0299. Fundi wa kwanza, mjini kati, akakata kauli: turbo imekufa, twendeni Grogan tukatafute ya mtumba. (Kirinyaga Road ilibadilishwa jina zamani, lakini kwa watu wa spea ni Grogan tu.) Sasa, P0299 husema presha haifiki kiwango. Haisemi kwa nini.

Tukalipeleka Dagoretti Corner. “Bosi, tusinunue kitu kwanza,” fundi wa huko akasema. Akachomoa mpira wa hewa, akashika ncha ya mhimili wa turbo kwa vidole viwili, akautikisa. Kucheza kidogo kando ni kawaida. Kwenda mbele na nyuma ni kifo. Haukwenda. Akaziba mdomo wa bomba kwa kopo alilolitia valvu ya tairi, akajaza upepo kidogo wa kompresa, akanyunyiza maji ya sabuni kwenye mipira yote. Povu likaibuka chini ya klipu moja, penye ufa ambao macho hayakuuona. Birmingham wangetumia mashine ya moshi na kufika pale pale.

Hata turbo ikifa kweli, swali la kwa nini linabaki. Baadhi ya Subaru za turbo za miaka ile zina kichujio kidogo ndani ya bolti inayopitisha oili kwenda kwenye turbo. Oili iliyochoka ikikiziba, turbo inakaukiwa. Ukifunga nyingine bila kukigusa kichujio hicho, utarudi Grogan.

Sisemi Waingereza ni mafundi bora. Wengi wao hubadilisha kipande kizima bila kujisumbua, na gari la umri huu hulipeleka kwenye vyuma chakavu kwa sababu saa za fundi zinapita bei yake. Nairobi saa hizo ni rahisi, spea ndizo ghali. Basi wewe unayetumiwa ujumbe wa “turbo imekufa” ukiwa ughaibuni, kabla ya kutuma pesa ya turbo tuma ya saa mbili za fundi, na umwambie wazi kwamba ni malipo ya kutafuta, hata asipobadilisha chochote.