Mkulima Aliyepiga Picha za Theluji

Katika nchi ya Marekani, upande wa kaskazini mashariki, liko jimbo dogo la milima liitwalo Vermont, na ndani yake kiko kijiji kiitwacho Jericho. Majira ya baridi huko ni marefu. Theluji hufunika mashamba, njia na mapaa ya nyumba, hata mtu akitaka kwenda zizini hana budi kujifungulia njia kwa koleo. Wakulima wa huko wakiiona theluji huwaza kazi tu: kuni, majani ya ng'ombe, na njia iliyozibwa. Lakini palikuwa na mkulima mmoja ambaye, mawingu ya theluji yalipokusanyika, alifurahi kama mtu aonaye wageni wake wanakuja. Jina lake Wilson Bentley.

Bentley alizaliwa tarehe 9 Februari 1865. Mamaye alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa, naye ndiye aliyemfundisha mwanawe nyumbani kwa miaka mingi. Kijana alipotimiza miaka 15, mamaye akampa darubini ya kukuzia vitu vidogo. Akaitazama mawe, manyoya ya ndege na matone ya maji. Hata siku moja theluji ilipokuwa ikianguka akaiweka chembe moja chini ya darubini, na tangu siku hiyo moyo wake haukutaka kitu kingine.

Mtu aliyeona weupe wa Kibo kwa mbali tu aweza kudhani kwamba theluji ni kama unga, au kwamba ni ndugu ya mvua ya mawe. Sivyo. Mvua ya mawe ni maji yaliyoganda yakawa madonge. Chembe ya theluji huanza na tone dogo mno la wingu, ambalo huganda juu ya vumbi lisiloonekana kwa macho. Kisha mvuke ulio kandokando hulishika na kuganda papo hapo, bila kuwa maji kwanza. Nayo maji yakiganda hujipanga kwa pembe sita. Kwa hiyo chembe nyingi huwa na pande sita au matawi sita, nyingine kama nyota, nyingine kama ua, nyingine kama kigae chembamba. Na ziko zilizo kama nguzo au sindano. Mtaalamu wa Japani, Ukichiro Nakaya, aliotesha chembe ya theluji chumbani mwaka 1936, juu ya ncha ya unywele wa sungura, akaonyesha kwamba umbo lake hufuata kadiri ya baridi na unyevu wa hewa. Bentley hakuwa na chumba cha namna hiyo. Alikuwa na shamba lake na mbingu iliyo juu yake.

Kwanza alijaribu kuzichora. Akakaa kwenye baridi, jicho moja kwenye darubini na kalamu mkononi, lakini kabla hajamaliza tawi la tatu chembe imekwisha yeyuka. Majira ya baridi yakapita, na mengine, akawa na michoro mingi wala hakuna hata mmoja uliomridhisha. Ndipo aliposoma habari za kamera iwezayo kuunganishwa na darubini. Bei ya vyombo hivyo ilikuwa dola 100, fedha nyingi sana kwa mkulima. Babaye aliona ni upuuzi, maana shamba halilimwi kwa picha. Lakini mama alimsemea mwanawe, na mwishowe mzee akakubali kutoa fedha.

Basi kijana akapata kamera, wala picha hazikutoka. Mabamba ya kioo yalitoka meusi, au meupe, au yenye ukungu mtupu. Hapakuwa na fundi kijijini wa kumwuliza. Akaendelea kukosea na kusahihisha peke yake mpaka tarehe 15 Januari 1885, alipolitia bamba katika dawa akaona umbo la chembe ya theluji linajitokeza, kamili, na matawi yake yote. Alikuwa na miaka 19. Alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kufanya hivyo.

Kazi yenyewe aliifanya hivi. Theluji ilipoanguka alisimama nje, au mlangoni pa kibanda kisicho na moto, akiwa ameshika ubao uliopakwa rangi nyeusi ili chembe zionekane. Akazitazama upesi. Kama zimevunjika au zimeshikamana, alizipangusa kwa unyoya na kuutoa ubao tena. Alipoona moja nzuri aliinua kwa kijiti chembamba, akailaza juu ya kioo na kuibonyeza polepole kwa unyoya. Tangu hapo hakuvuta pumzi karibu nayo, kwa kuwa pumzi ya mtu ni moto wa kuiua. Kamera yake ilikuwa ndefu hata mkono haukufika kwenye gurudumu la kulengea akiwa nyuma yake, basi akafunga kamba ya kulizungushia. Mwanga wa dirishani ukapita katika chembe na kuingia darubinini. Yote hayo yalitakiwa kwisha katika dakika chache, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Kisha akaandika daftarini baridi ilikuwa kiasi gani, upepo ulitoka wapi, na mawingu yalikuwa ya namna gani.

Majirani walimcheka. Walisema kijana huyo ana akili lakini anaitumia ovyo, na wengine waliuliza faida yake ni nini. Faida ya fedha haikuwako: picha za kioo aliziuza kwa senti 5 kila moja, akatumia zaidi kuliko alivyopata. Pamoja na hayo hakuliacha shamba. Ng'ombe walikamuliwa, na nyasi zilikatwa kwa wakati wake.

Shutuma iliyomwuma zaidi ilitoka mbali. Gustav Hellmann, mtaalamu wa hali ya hewa huko Ujerumani, alimlaumu kwa kuziharibu picha kwa kisu. Ni kweli kwamba Bentley alitumia kisu. Kwa kuwa theluji nyeupe juu ya mwanga mweupe haionekani vema, alitengeneza nakala ya bamba, akaketi saa nyingi kukwangua dawa iliyo pembeni ya chembe, ili picha itoke na chembe nyeupe juu ya weusi. Bamba la kwanza alilihifadhi. Alijitetea kwamba hakuongeza kitu, bali alisaidia jicho lione kilichokuwapo. Lakini liko neno jingine ambalo Mjerumani huyo alikuwa na haki kulitaja. Chembe nyingi zinazoanguka si kamili. Zina upande mfupi, au tawi lililovunjika. Bentley alizipangusa hizo kwa unyoya wake akachagua zilizo nzuri, na watu walioona picha zake walidhani theluji yote iko hivyo. Alikuwa mwangalifu kama mtaalamu, na mwenye upendeleo kama mtu aliyependa.

Kwa muda wa miaka 46 alipiga picha zaidi ya 5,000, wala hakuona chembe mbili zilizolingana kabisa. Hakuoa. Jioni alipiga kinanda. Mwaka 1931, akiwa na umri wa miaka 66, kitabu chake kilichapwa, chenye picha zaidi ya 2,400, na mtaalamu W. J. Humphreys aliandika maelezo yake. Hatimaye kazi iliyochekwa kijijini ikawa mezani mwa wataalamu.

Majuma machache baadaye Bentley alitembea kwa miguu kurudi nyumbani katika dhoruba ya theluji, njia ya maili kama sita, nguo na viatu vikalowa. Akapatwa na ugonjwa wa mapafu, akafa tarehe 23 Desemba 1931. Daftari la hali ya hewa lilikuwa limeandikwa mpaka tarehe 7 ya mwezi huo. Siku hiyo alikuwa ameandika habari za upepo wa baridi wa kaskazini, na ya kwamba theluji inapeperuka.