Nani Alituambia Habari za Mbu?

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya Waziri wa Afya kutangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini, Serikali ilifunga shule. Kesho yake vyuo vikafuata, nasi tukafunga mabegi. Tulikuwa vijana wachache wa Jimbo la Same, wengine tukiwa bado katika mwaka wa malezi, na kila mmoja alirudi parokiani kwake: Same mjini, Kisiwani, Gonja, Mamba. Hatukuwa na dawa wala cheo. Lakini huku kwetu kijana akishaitwa frateri huhesabiwa kuwa amesoma kila kitu, kwa hiyo swali lilitusubiri stendi. "Frateri, nyie mmesoma. Huu ugonjwa upo au haupo?"

Tulijibu kwamba upo. Swali la pili ndilo lililotuganda mpaka leo: "Mmejuaje?"

Kabla ya kulifikia swali hilo tulikuwa na maagizo ya kutekeleza. Kunawa mikono kwa sabuni na maji tiririka ni agizo jepesi kwa mtu wa kufungua bomba. Tambarare ya Same ni kavu; milima huizuia mvua isitufikie, na mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, ulioanza mwaka 2014 ili kuvuta maji kutoka Nyumba ya Mungu, ulikuwa haujakamilika. Watu walinunua maji kwa dumu. Mama mwenye madumu mawili kwa siku, ya kupikia, kunywa, kufua na kunywesha mbuzi, unamwambiaje anawe kila anapogusa mlango? Wenzetu wa milimani, wenye ndiva na mifereji iliyochimbwa na mababu, walitucheka kidogo. Basi tukatengeneza vibuyu chirizi: dumu dogo lililotobolewa, kamba, kijiti cha kukanyagia, kipande cha sabuni kikining'inia. Maji yanatoka kidogo kidogo na mkono haugusi kitu. Kilisimama kimoja kila mlango wa kanisa, kwa kuwa makanisa nchini hayakufungwa, na watoto wa kipaimara walikikanyaga hata walipokuwa wameshanawa.

Halafu ikaja tangawizi. Anayeijua Same Mashariki anajua kwamba Mamba Miamba ndiko tangawizi inakolimwa, na kwamba kuna kiwanda cha kuisindika ambacho habari zake zimekuwa ndefu kama barabara ya kupandia huko. Mwaka 2020 tangawizi na malimao vilipanda bei nchi nzima. Kila nyumba ilikuwa na sufuria inayochemka na mtu aliyejifunika blanketi akijifukiza. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, nayo ikatoa mchanganyiko wake wa mitishamba ulioitwa NIMRCAF. Mwanzoni mwa Februari 2021 Waziri wa Afya wa wakati huo, Dkt. Dorothy Gwajima, alionekana mbele ya kamera akisaga tangawizi, vitunguu, malimao na pilipili. Wakulima wa Mamba hawakulalamika, na sisi hatutawasingizia: kwa wengi wao huo ulikuwa msimu wa kulipa ada za watoto.

Hatuna ugomvi na tangawizi. Inapasha kifua joto, na mgonjwa aliyepewa kikombe cha moto na mtu anayempenda amepata kitu. Lakini tuliona jinsi maneno yanavyohama. Kitu kinachotolewa kama nafuu kikifika kijijini kinaitwa tiba, na kikifika kwa jirani kinaitwa kinga, na mwenye kinga hana haja ya barakoa. Mei 2020 Rais Magufuli alisema kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara ya taifa zilirudi na majibu ya corona. Kuanzia hapo, ukitaja kipimo chochote, mtu anakujibu kwa neno moja tu: "Papai." Takwimu za nchi zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Swali la "mmejuaje" likawa gumu zaidi, maana sasa hata maabara ilikuwa mshitakiwa.

Katika siku hizo ndefu, mmoja wetu alisikia kwa padre mzee habari ambayo hakuna aliyetufundisha shuleni. Upare uliwahi kuwa uwanja wa jaribio kubwa la sayansi, na kituo kilicholiendesha hakikuwa mbali. Kilikuwa Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki.

Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kama taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja na meli za Waingereza zikafunga pwani, wataalamu wa Amani waliacha utafiti wao wa kawaida wakawa wafanyakazi wa kiwanda: walitengeneza kwinini kutokana na magome ya mti wa mkwinini, sabuni, na hata wiski kwa maelfu ya chupa. Huo ni mfano mzuri wa kituo kugeuza kazi wakati wa shida, ila tuseme ukweli kwamba kilimhudumia zaidi askari na mlowezi. Mpagazi aliyefia njiani na mzigo kichwani hakuhesabiwa kuwa ndiye jamii ya kituo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Amani ikawa makao ya taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki, chini ya Dkt. Bagster Wilson. Hapo ndipo Upare unapoingia. Kuanzia 1954 hadi 1959 taasisi hiyo iliendesha Mpango wa Malaria wa Pare na Taveta, pande zote mbili za mpaka wa Tanganyika na Kenya. Wafanyakazi walipita nyumba kwa nyumba wakipuliza dawa iitwayo dieldrin kwenye kuta za ndani. Hoja yake ni rahisi na nzuri: mbu akishanyonya damu anakuwa mzito, hutua ukutani kupumzika, na ukuta ndio unaomuua. Huhitaji kumkimbiza mbu. Unamsubiri mahali anapolala.

Lakini hawakuishia kwa mbu. Walitoboa vidole vya watoto, wakapima wingi wa damu, wakaorodhesha waliozaliwa na waliokufa. Mwaka baada ya mwaka vijidudu vya malaria vilipungua sana, damu za watu zikaimarika, na vifo vya watoto wachanga vikashuka. Tukumbuke pia kwamba miaka ile neno mumiani lilikuwa midomoni mwa watu Afrika Mashariki nzima. Mgeni aliyebeba sindano na chupa alidhaniwa kuwa mnyonya damu. Na Wapare hawakuwa watu wa kuburuzwa. Miaka kumi tu kabla, Januari 1945, maelfu ya wanaume walishuka milimani wakapiga kambi Same kuikataa kodi ya mbiru, kodi ambayo hawakuelezwa ikaeleweka. Watu hao hao walifungua milango, wakatoa vyombo nje, wakaacha ukuta upulizwe.

Kwa nini walikubali? Sisi tunaosoma nadharia ya maarifa tumelijadili hili usiku mwingi, wakati mwingine kwa sauti iliyopita kiasi. Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya manufaa ya kuamini, anaonyesha kwamba hakuna mtu anayemjua baba yake kwa ushahidi wake mwenyewe. Tunamjua kwa neno la mama. Sehemu kubwa ya yale tunayoyaita maarifa tumeyapokea hivyo. Hakuna aliyewahi kuona kirusi cha corona kule Kisiwani, kama vile hakuna mzee aliyewahi kuona kijidudu cha malaria ndani ya damu ya mtoto wake. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba basi yote ni imani tu. Tulimkatalia, na bado tunamkatalia: neno la mama lina uzito kwa sababu mama alikuwepo, na kwa sababu anabaki nyumbani ukitaka kumuuliza tena.

Hapo ndipo tunapoiona kasoro ya mpango ule. Jaribio lilikuwa na tarehe ya mwisho. Mwaka 1959 upulizaji ulikoma, na malaria ikaanza kurudi polepole. Mbu wa aina ya funestus alichukua miaka kuonekana tena, gambiae hakukawia. Na hatari hiyo haikuwa siri. Kwenye mkutano wa malaria wa Kampala mwaka 1950, Wilson mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioonya kwamba watu walioishi na malaria tangu utotoni wana kinga ya aina fulani, na kwamba ukiwaondolea ugonjwa kwa muda kisha ukaondoka, huenda ukawaacha pabaya zaidi. Kwa bahati, waliofuatilia Upare katika miaka ya 1960 waliona kwamba vifo vya watoto havikurudi juu kama ilivyohofiwa, na sababu mojawapo iliyotajwa ni dawa za malaria zilizokuwa zimeanza kupatikana kwenye zahanati. Ripoti ya mpango ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1960, kwa Kiingereza. Dieldrin yenyewe baadaye iliingia katika orodha ya kemikali zilizopigwa marufuku kwa Mkataba wa Stockholm wa 2001.

Tuliyasoma haya wakati mazishi yanaongezeka. Mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021 tuliimba kwenye misiba mingi kuliko tuliyowahi kuimba, na kila mara tuliambiwa marehemu alikuwa na "changamoto ya upumuaji". Hatukuuliza zaidi, mbele ya jeneza mtu huulizi. Januari 2021 Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, Rais wa Baraza la Maaskofu, alitoa waraka wa kuwatahadharisha waamini juu ya wimbi jipya. Machi, Katibu Mkuu wa Baraza, Padre Charles Kitima, alisema kwamba ndani ya miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista 60 walikuwa wamefariki, wengi wakiwa na matatizo ya kupumua. Kwa seminari, hesabu hiyo ina sura za watu. Tulishukuru kwamba mtu wa nyumbani amesema, kwa Kiswahili, na yupo hapa hapa wa kuulizwa.

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani, na chanjo zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson zilizotolewa na Marekani kupitia COVAX zikaanza kusambazwa mikoani. Likizo iliyofuata tulipewa kazi na paroko: kupita jumuiya ndogondogo na muuguzi wa zahanati, yeye aeleze chanjo, sisi tubebe viti. Gonja Maore tuliamua kuongeza kitu. Tulikuwa na muhtasari wa ule Mpango wa Pare na Taveta tulioutafsiri wenyewe, kurasa mbili, tukausoma barazani kabla muuguzi hajaanza.

Wazee walisikiliza kimya. Baadhi yao walizikumbuka pampu za mgongoni na harufu ya dawa. Bibi mmoja, aliyekuwa mtoto wa miaka saba au nane wakati ule, alitunyoosha kidole chake cha kati, akisema walimtoboa hicho, mara nyingi, na kwamba hakuna aliyemwambia walichokiona.

"Kwa hiyo damu yetu ilikuwa nzuri?" aliuliza.

Tulimwambia, "Ndiyo bibi, ilikuwa inaimarika kila mwaka walipopuliza."

"Na watoto walikufa wachache?"

"Wachache zaidi."

Alikaa akifikiri. Kisha akamgeukia muuguzi, binti wa kijiji kile kile ambaye mama yake alikuwa amekaa mkekani. "Mwanangu, wewe ukinichoma hiyo leo, mwezi ujao utakuwepo?"

Muuguzi akasema atakuwepo, na kwamba siku ya kliniki ni Jumanne. Bibi akaanza kupandisha mkono wa gauni.