Mwaka mmoja Iowa, na mwenzangu aliyebaki Garissa

Siku nyingi sijaonekana hapa, kazi zilinibana. Kwa kawaida huwa tunaongea mambo ya PHP, hifadhidata na simu za mkononi, lakini leo nitatoka nje kidogo. Juzi kijana mmoja wa kidato cha tatu kule Garissa aliniandikia barua pepe. Anataka kujaza fomu za kwenda kusoma ng'ambo mwaka mmoja, na wazee nyumbani hawaelewi. Swali lake ni fupi: "Kaka, mtu anaenda mwaka mmoja halafu anarudi palepale, faida yake ni nini?" Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, nikajikuta nimeandika kurasa. Basi nawawekea nyote hapa.

Mimi nilienda mwaka 2007. Mpango wenyewe unaitwa Kennedy-Lugar YES. Bunge la Marekani liliuanzisha mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ili wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi wakae na familia za Kimarekani na kusoma shule za huko kwa mwaka mmoja. Kennedy na Lugar ni maseneta wawili walioupigania, mmoja Mdemokrati na mwingine Mripablikani. Gharama zilikuwa juu ya serikali yao. Sharti moja: viza ni ya aina ya J-1, na ukimaliza unarudi kwenu. Kabla ya kuomba viza ya kazi au ukaazi wa kudumu kule, lazima kwanza ukae kwenu jumla ya miaka 2.

Kwa wasiojua Garissa, ni mji ulio ukingoni mwa mto Tana, kama kilomita 370 kutoka Nairobi. Wakati huo ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Siku hizi mikoa haipo, tuna kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Umeme wetu ulitoka kwenye jenereta za dizeli, na intaneti ilikuwa saiba ambapo ukurasa mmoja ulifunguka huku umemaliza chai na sambusa. Ukipanda basi la Nairobi, wazee walikuwa wanakuuliza, "Unaenda Kenya?" Hawakuwa wanatania sana. Ukifika darajani unashuka, unaonyesha kitambulisho, unapanda tena. Kwa hiyo kabla sijavuka bahari nilikuwa nimeshazoea kuvuka mpaka ndani ya nchi yangu.

Darasani kwetu tulijaribu wengi. Kulikuwa na mtihani wa Kiingereza, insha, na mahojiano. Tuliofika hatua za mwisho tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu wa dawati moja. Yeye alikuwa mkali kuliko mimi, na nasema hivi si kwa adabu tu: hesabu alinifundisha yeye. Kilichobaki kilikuwa pasipoti.

Pasipoti ya mtoto inataka cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi. Sisi Wakenya wenye asili ya Kisomali, tangu msako wa uraia wa mwaka 1989, karatasi hizo tulikuwa hatupewi hivi hivi. Mzee alikuwa anapigwa msasa kwanza, anaulizwa babu yake alizaliwa wapi, chifu wake nani, anatafuta wazee wa kumshuhudia. Baba yangu alikuwa na kitambulisho cha zamani, kimechakaa lakini kinasomeka. Familia ya mwenzangu ilikuwa ya wafugaji. Katika ukame wa mwaka 2000 mifugo yao yote ilikufa, mama yake akawachukua watoto akaenda Hagadera, moja ya kambi za wakimbizi za Dadaab, akawaandikisha ili wapate mgao wa unga. Mvua iliponyesha wakarudi. Miaka saba baadaye faili lake likakaa kwenye meza ya ofisi fulani, kila tukienda tunaambiwa "bado uchunguzi". Siku ya mwisho ya kupeleka karatasi ikapita. Mimi nikapanda ndege mwezi wa Agosti.

Nilipelekwa Iowa, mji mdogo si mbali na Cedar Rapids. Mahindi kila upande hadi macho yanachoka. Familia iliyonipokea ilikuwa ya fundi wa matrekta, mkewe mwalimu wa chekechea, na watoto wawili. Walitaka niwaite kwa majina yao. Nilishindwa kabisa kumwita mama wa watu kwa jina, nikamwita Mama tu, na baada ya wiki mbili hata majirani walikuwa wanacheka na kumwita hivyo. Walininunulia kuku wa halali kutoka duka la mbali, na Ramadhani ilipofika Septemba yule baba alikuwa anaamka kunywa kahawa na mimi wakati wa daku. Alisema yeye hafungi, ila si vizuri mtu kula peke yake gizani.

Shuleni nilikuta mambo mawili. La kwanza, maktaba ilikuwa na kompyuta nyingi kuliko zote nilizowahi kuona Garissa, na hakuna aliyekuwa amesimama nyuma yako akihesabu dakika. Kulikuwa na somo la kuandika programu kwa Java, nikajiandikisha. La pili, wanafunzi walimuuliza mwalimu, "Umejuaje?" na mwalimu hakukasirika! Kwetu swali hilo lingeweza kukuletea kiboko. Kwa kazi yangu ya leo, hilo swali la pili limenisaidia kuliko Java.

Novemba kulikuwa na Wiki ya Elimu ya Kimataifa, na kila mwanafunzi mgeni alieleza kwao. Nilibandika ramani ya Kenya. Watu walitaka simba. Niliwaambia kwetu kuna twiga, ngamia na simu zinazotuma pesa, kwa sababu M-Pesa ilikuwa imeanza Machi mwaka huohuo. Twiga na ngamia waliwaelewa. Pesa kupitia ujumbe wa simu walidhani nimekosea Kiingereza.

Halafu ukaja mwezi ambao sitausahau. Tarehe 27 Desemba 2007 Kenya ilipiga kura, tarehe 30 matokeo ya urais yakatangazwa, na nchi ikawaka moto. Nilikuwa naangalia Eldoret na Kisumu kwenye runinga ya sebuleni kwa watu, theluji nje. Simu za nyumbani zilikuwa hazishiki. Na tarehe 3 Januari 2008, katikati ya hayo, yule baba akanichukua kwenda kuona wao wanavyoanza kuchagua rais. Ni ukumbi wa michezo wa shule. Kwa upande wa Wademokrati hakukuwa na karatasi za kura. Watu walisimama kwenye kona kufuatana na mgombea wao, wakahesabiwa. Kundi lisilofika asilimia 15 lilitakiwa kuhamia kwingine, na majirani wakaanza kubembelezana kwa sauti, na kucheka. Usiku ule Barack Obama, mtoto wa Mkenya, akashinda Iowa.

Wazee wetu wanajua kupiga kura kwa kusimama. Tuliita mlolongo, mwaka 1988, na mstari mfupi uliweza kutangazwa mshindi mchana kweupe. Njia ileile, kuhesabu vichwa, kwao ikawa mchezo wa majirani na kwetu ikawa jeraha. Nilirudi nyumbani nikifikiria hivi: utaratibu wenyewe hautoshi, cha muhimu ni nani anaruhusiwa kuhesabu upya. Kenya watu zaidi ya 1,100 walikufa kabla ya makubaliano ya tarehe 28 Februari.

Katika siku hizohizo nikaiona Ushahidi. Ory Okolloh aliandika mtandaoni akiuliza kama kuna mafundi wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha vurugu zinatokea wapi. Wakajitokeza Erik Hersman, Juliana Rotich, na David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, ambaye aliandika programu yenyewe kwa siku chache. Mwananchi anatuma ujumbe wa simu au anajaza fomu kwenye tovuti, tukio linaonekana kwenye ramani. Nilikaa maktaba nikiangalia zile alama. Mpaka wakati ule niliamini programu ni vitu ambavyo Wamarekani hutengeneza nasi tunavitumia. Hii ilikuwa na jina la Kiswahili, na aliyeiandika anaongea kama mimi. Nikaamua kazi yangu itakuwa hiyo.

Februari kukawa na kioja kingine. Picha ya Obama amevaa nguo za mzee wa Kisomali ilienea mtandaoni, watu wakiitumia kumtisha mpiga kura. Ilipigwa Wajir, Agosti 2006, alipokuwa ziarani Kenya. Darasani waliniuliza ni sare ya kundi gani. Nikawaambia ni heshima ya mgeni, wazee wamempa kama mnavyompa mtu kofia ya timu yenu. Mmoja akasema, "Ahaa," na mjadala ukaisha. Sijui kama wakubwa waliokuwa wakibishana kwenye runinga walikuwa na mtu wa Kaskazini Mashariki wa kumuuliza. Darasa letu lilikuwa naye. Ukiniuliza faida ya kubadilishana wanafunzi, ile "ahaa" naihesabu.

Nilirudi Juni 2008. Ayeyo, bibi yangu, alinisikiliza jioni nzima, akanywa chai, halafu akauliza: "Na mtoto wao anakuja lini?" Nikamwambia hakuna anayekuja. Akashangaa. "Si mlisema ni kubadilishana?" Kwake yeye mgeni akilala kwako, siku moja nawe utalala kwake, la sivyo hayo ni mambo mengine. Nimekaa na swali hilo miaka mingi. Sijawahi kumwona mwanafunzi wa Iowa akinywa maziwa ya ngamia Garissa. Leo ukiandika jina la mji wetu mtandaoni, kitakachokujia mapema ni tarehe 2 Aprili 2015, chuo kikuu, watu 148 waliouawa. Ni kweli na lazima ikumbukwe. Lakini mtu aliyelala kwa ayeyo wangu mwaka mzima angekuwa na jambo la pili la kusimulia.

Sasa mwenzangu. Alipofika miaka 18 alikwenda kuchukua kitambulisho. Akaweka vidole, mashine ikajibu kwamba yeye ni mkimbizi. Ule mgao wa unga wa utotoni ulikuwa bado uko kwenye hifadhidata. Wala hayuko peke yake. Mashirika ya haki yamekadiria watu wa namna hii kuwa takriban 40,000, Wakenya waliojiandikisha kambini kwa sababu ya njaa au shule. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna M-Pesa, hakuna mkopo wa chuo, hakuna kazi rasmi, na darajani pale Tana unageuzwa. Mtu aliyenifundisha hesabu alipokea pesa kupitia simu ya shangazi yake hadi mwaka 2023, alipopata kitambulisho akiwa na miaka 32.

Kwa wasomaji wangu waandishi wa programu, naomba tuliangalie hili kiufundi. Jedwali lile lilitengenezwa kujibu swali moja: nani apewe chakula? Baadaye likatumiwa kujibu swali jingine kabisa: nani ni raia? Data haikuwa na makosa, mtoto yule kweli alikula unga ule. Ila jibu la swali la kwanza lilichukuliwa kama jibu la swali la pili, na hapakuwa na mlango wa mtu kuingia na kusema "rekebisheni". Februari 2025 Rais Ruto akiwa Wajir alitia saini tangazo la kuondoa ule msasa maalumu wa vitambulisho kwa kaunti za mipakani, na watu walishangilia, nami pia. Lakini tangazo ni karatasi. Alama za vidole ziko kwenye seva, na seva haisikii hotuba.

Ndiyo maana mteja akinipa kazi ya fomu, iwe ya basari au ya zahanati, namuuliza mambo matatu kabla sijaandika mstari wowote. Hii data mnaichukua ya nini? Nani mwingine ataisoma kesho? Na mwenye jina lake akitaka kuirekebisha, anabonyeza wapi? Wengine wananiona msumbufu. Ni lile swali la Iowa tu, "Umejuaje?", na ni dawati lile la Garissa.

Kwa hiyo kijana wangu, jibu ni nenda. Hutarudi palepale, hata basi likikushusha stendi ileile. Wiki hii, kabla ya insha na kabla ya Kiingereza, chukua cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, hakikisha majina yanalingana herufi kwa herufi, na kama kuna kitu hakipo anza kukifuatilia kesho asubuhi, maana nafasi haimsubiri chifu. Ukifika huko usiwaonyeshe simba. Waambie waje. Ayeyo ametangulia mbele za haki, Mungu amrehemu, lakini nyumba ipo na kitanda cha mgeni kipo.

Haya, kwa leo naishia hapa. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.