PCM au PCB? Kwa mdogo wangu

Huku Leicester nimetoka zamu ya usiku, usingizi hauji, basi niandike.

Kitinda mimba wetu kamaliza kidato cha nne. Ndoto yake uhandisi wa ujenzi, lakini juzi kwenye simu kaniambia atachukua PCB "kama dada", maana Advance inamtisha.

Mdogo wangu, hapana! Kwa uhandisi pale Mlimani wanaangalia Fizikia na Advance. BAM tuliyosoma sisi wa PCB haikufikishi huko.

Hesabu zangu mimi wodini ni hizi: dripu ya lita moja kwa saa 8, matone 20 kwa mililita, unapata kama matone 42 kwa dakika. Basi. Aliyebuni pampu inayonifanyia kazi hiyo ndiye aliyehitaji vekta na kalkulasi.

Kabla shule hazijafunguliwa, rudia aljebra na trigonometria, maswali kumi kila siku, majibu uyaangalie mwisho. Mimi nilikimbia hesabu, bahati yangu nikaja kuupenda uuguzi. Wewe usikimbie unachokipenda tayari.

Hela ya twisheni natuma mwisho wa mwezi. Mama, msomee hii!